Mchanga Chini ya Dumu

Mjomba wangu ana jongo. Kama hujawahi kuuguza mtu wa jongo, ni hivi: mtu analala mzima, saa nane za usiku anaamka kidole gumba cha mguu kimevimba, kimewiva kama nyanya, na hataki hata shuka limguse. Asubuhi unamwamkia, anakuitikia kwa hasira kana kwamba wewe ndiye uliyemkanyaga. Mwaka juzi, baada ya vipindi vitatu vya namna hiyo, daktari akataka kujua jambo moja ambalo damu peke yake haiwezi kulisema. Je, mwili wa mzee huyu unatengeneza asidi ya yuriki kupita kiasi, au unatengeneza ya kawaida ila figo zinaikalia? Hapo hapana budi kupima mkojo. Na si mkojo wa kikombe, bali wa saa 24.

Basi akapewa dumu. Mkojo wa kwanza wa asubuhi aumwage, kisha kila tone linalofuata liingie dumuni, mchana na usiku, mpaka asubuhi ya pili saa ileile. Mimi ndiye niliyekuwa mpagazi. Dumu tuliliweka kwenye friji, kama tulivyoambiwa, jambo ambalo shangazi yenu (naam, mke wa mjomba) hajalisamehe hadi leo. Tulipofika maabara moja pale mjini, kijana akalipokea, akamimina kidogo kutoka juu kwenye kichupa, mengine akayamwaga. Majibu yakaja: asidi kidogo sana. Damu inasema imejaa, mkojo unasema hakuna kitu. Maana yake, daktari akasema, figo zimelegea. Tutafute dawa ya kuzilazimisha ziitoe.

Njiani mjomba akaniuliza, "Hivi mkojo nao wanaupima kwa mizani kama sukari?"

Nikacheka. Baadaye nilipoanza kusoma niliona aliyepaswa kuchekwa ni mimi. Kwa muda mrefu wa karne ya 19 ndivyo walivyofanya hasa: waliuweka mkojo, wakasubiri asidi izame, wakaichuja, wakaikausha, wakaitia kwenye mizani.

Kabla ya mizani, tumwangalie mjusi wa ukutani. Kila nyumba anamo, na kila mfagiaji anazijua alama zake: kijiti cheusi chenye ncha nyeupe. Ile nyeupe ndiyo asidi ya yuriki. Kuku naye anayo, ule weupe juu ya kinyesi chake. Viumbe hawa hutupa taka ya naitrojeni ikiwa karibu kavu, wakaokoa maji. Sisi tunaitupa taka hiyo zaidi kwa njia ya yurea, gramu 20 hadi 35 kwa siku, nayo yurea huyeyuka kwenye maji bila ubishi. Asidi ya yuriki kwetu ni kitu kidogo tu, kiasi cha nusu gramu kwa siku. Lakini ni nusu gramu yenye kiburi. Haitaki kuyeyuka. Mkojo ukipoa inajitenga. Mkojo ukiwa mchachu inajitenga zaidi. Ukiiona chini ya chombo utadhani ni mchanga wa tofali lililosagwa.

Tabia hiyo moja, ya kukataa kuyeyuka, ndiyo hadithi yote ninayotaka kukusimulia.

Aliyeikamata kwanza ni mfamasia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, mwaka 1776. Huyu ni yule Scheele aliyeipata oksijeni akachelewa kuchapisha, mtu wa duka la dawa katika mji mdogo wa Köping, aliyefariki akiwa na miaka 43 tu. Alichukua mawe yaliyotolewa kwenye vibofu vya watu, akayatia kwenye magadi na asidi mbalimbali aone kipi kitayamaliza. Akapata humo asidi ambayo haikuwa inajulikana. Kisha akaitafuta kwenye mkojo wa watu wa kawaida, wasio na jiwe lolote, akaikuta. Hapo pana jambo zito: kile kinachomuua mgonjwa kwa maumivu kimo pia ndani ya mtu mzima, ila kimeyeyuka. Kwa muda ikaitwa asidi ya mawe. Jina la mkojo ilipewa Ufaransa, na Fourcroy, mwishoni mwa karne hiyo ya 18.

Mwaka 1797 Mwingereza William Hyde Wollaston akaonyesha kwamba vinundu vyeupe vinavyoota kwenye viungo na masikio ya watu wa jongo ni chumvi ya asidi hiyohiyo. Kwa hiyo mawe ya kibofu na uvimbe wa kidole ni ndugu wa baba mmoja. Swali likawa: imo kiasi gani? Hapo watu walikwama karibu miaka 50.

Walikuwa na kipimo cha kusema ipo au haipo. Utachukua punje ya kitu unachokishuku, utakidondoshea asidi ya naitriki, utakausha juu ya moto mdogo mpaka kibaki kitu chekundu, halafu utakipitishia amonia. Kikigeuka zambarau iliyokolea, umeipata. William Prout, daktari wa London, ndiye aliyeieleza rangi hiyo vizuri mwaka 1818. Ni Prout huyohuyo ambaye miaka mitatu kabla alichunguza kinyesi cha nyoka mkubwa wa jamii ya chatu akakuta karibu chote ni asidi ya yuriki. Toka hapo wanakemia wa Ulaya wakawa wanatafuta kinyesi cha nyoka kwa hamu, kwani hapakuwa na njia rahisi zaidi ya kuipata asidi safi. Liebig na Wöhler walipoandika utafiti wao mkubwa juu yake mwaka 1838, waliipa ile zambarau jina la muresidi, kutokana na konokono wa baharini aliyewapa wafalme wa kale rangi ya mavazi yao. Joho la mfalme na mavi ya chatu, rangi moja. We acha tu.

Sasa mizani. Katika miaka ya 1840 Mjerumani Wilhelm Heintz aliweka utaratibu ambao hata mjomba angeuelewa. Pima mkojo, utie asidi ya hidrokloriki, weka mahali pa baridi, nenda zako. Rudi baada ya siku mbili. Utakuta fuwele zimeganda kwenye kuta na chini ya chombo, za rangi ya kahawia. Zichuje, zioshe, zikaushe, zipime. Uzito huo ndio jibu.

Ni njia ya subira na uaminifu, na ilikuwa na makosa pande mbili. Asidi safi ya yuriki ni nyeupe. Ile kahawia ni rangi ya mkojo iliyonaswa ndani ya fuwele, kwa hiyo walikuwa wanapima na uchafu. Upande wa pili, si asidi yote iliyokubali kushuka. Ernst Salkowski wa Berlin alichukua yale maji yaliyopita kwenye chujio, yale ambayo wenzake waliyamwaga, akayajaribu kwa njia nyingine, akakuta asidi bado imo. Katika mikojo mingine haikushuka hata kidogo, ingawa ilikuwemo. Mtu angesema "mgonjwa huyu hana" kumbe anayo tele.

Salkowski akatumia fedha, yaani madini ya fedha yaliyoyeyushwa pamoja na amonia, ili yaikamate asidi kwa nguvu na kuishusha. Ernst Ludwig wa Vienna akaiboresha njia hiyo mwaka 1884. Ikawa sahihi zaidi, lakini ndefu, ghali, na yenye hatua nyingi za kuchosha. Hospitali gani ingeifanya kila siku?

Ndiyo maana madaktari wengi walitafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ikazaa nadharia. Alexander Haig, daktari wa London aliyesumbuliwa na kipandauso, aliacha nyama akapata nafuu. Akaanza kupima mkojo wake mwenyewe. Mwaka 1892 akachapisha kitabu kikubwa kinachodai kwamba asidi ya yuriki ndiyo mzizi wa kipandauso, kifafa, huzuni, uchovu, na karibu kila kinachomsumbua binadamu. Aliwakataza watu nyama, chai, kahawa, hata kunde. Kitabu kikachapishwa tena na tena. Tatizo ni kwamba Haig alitegemea njia ya haraka ya fedha iliyobuniwa na Haycraft, na fedha ile haikuchagua: ilikamata na dutu nyingine za ukoo wa asidi ya yuriki, ikazihesabu zote kuwa yeye. Tarakimu zilipanda na kushuka, na Haig akazisoma kama mnajimu anavyosoma nyota. Watu wakaacha chai yao kwa sababu ya kosa la maabara.

Wakati Haig anaandika, ng'ambo ya mto Thames, katika hospitali ya Guy's, kulikuwa na mwanafunzi wa udaktari aliyeanza masomo kwa kuchelewa. Huyu ndiye ninayempenda katika hadithi hii, niruhusuni nikae naye kidogo.

Frederick Gowland Hopkins alizaliwa Eastbourne mwaka 1861. Baba yake, muuza vitabu wa London na binamu wa mshairi Gerard Manley Hopkins, alifariki mtoto akiwa bado mchanga. Akakua peke yake, na hadubini, na wadudu. Akiwa na miaka 17 jarida la wapenda wadudu lilimchapishia kijimakala kuhusu mbawakawa anayerusha moshi wa zambarau akichokozwa. Familia ikampeleka kuwa karani wa bima. Akadumu miezi michache. Akajifunza kazi ya kuchunguza sampuli, akawa msaidizi wa Thomas Stevenson, mtaalamu wa sumu aliyetoa ushahidi kwenye kesi za mauaji. Hebu fikiria shule hiyo: ukikosea kipimo, mtu ananyongwa. Mwaka 1888, akiwa amepata urithi mdogo, ndipo alipoanza udaktari, miaka 27 tayari.

Hopkins aliijia asidi ya yuriki kwa njia ya vipepeo. Kuna jamii ya vipepeo weupe na wa njano, wale ambao hata huku kwetu huruka kwa makundi baada ya mvua. Yeye alizisugua mbawa zao, akazichemsha, akasema: weupe huu ni asidi ya yuriki, na njano hii ni mtoto wake. Yaani mdudu anachukua taka yake mwenyewe, na badala ya kuitupa anaipaka kwenye mbawa. Wazo tamu kiasi kwamba unatamani liwe kweli.

Ili kulithibitisha alihitaji njia nzuri ya kupima. Mwaka 1892 akaitoa, na ilikuwa nyepesi mno. Chukua sentimita za ujazo 100 za mkojo. Mwagia unga wa kloridi ya amoni, koroga, endelea kumwaga mpaka unga ukatae kuyeyuka, kiasi cha gramu 30. Kaa saa mbili. Ndani ya maji yaliyoshiba amonia namna ile, asidi ya yuriki hushuka yote, ikiwa chumvi ya amoni, bila fedha na bila kungoja siku mbili. Unaichuja. Ukitaka mizani, irudishe kuwa asidi, ikaushe, ipime. Usipotaka mizani, iyeyushe, itie asidi ya salfuriki mpaka ipate moto, halafu dondosha pamanganeti, ile ya zambarau ambayo bibi zetu walioshea vidonda. Kila tone linapotea rangi kwa sababu asidi ya yuriki inalila. Siku asidi ikiisha, tone moja linabaki na waridi yake. Unasoma umedondosha kiasi gani, unazidisha, kwisha.

Tazama kilichotokea hapo. Kwa mara ya kwanza mkaguzi wa kawaida angeweza kuondoka na tarakimu ya kuaminika kabla ya chakula cha mchana. Ile nadharia ya Haig haikufa siku ileile, nadharia haziendi hivyo, lakini watu walipopima kwa njia zilizo imara hawakukuta ile milima na mabonde aliyoiona yeye.

Na vipepeo? Hopkins alikosea. Miaka ya 1920 Heinrich Wieland na Clemens Schöpf kule Ujerumani walionyesha kwamba rangi zile si asidi ya yuriki, ni dutu nyingine zinazofanana nayo, ambazo leo zinaitwa pterini. Mtu aliyewafundisha wengine kuipima asidi ya yuriki bila kudanganyika, alidanganywa nayo kwenye mbawa za kipepeo. Mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi tofauti kabisa, ya vitamini. Lakini uzeeni alirudi kwenye rangi za vipepeo wake. Sijui nimweleze vipi mtu asiyeelewa kwa nini hilo linanigusa.

Njia ya Hopkins ilivuka bahari. Mwaka 1900 hospitali ya wagonjwa wa akili ya McLean, karibu na Boston, ilimwajiri Otto Folin, Mswidi aliyehamia Marekani akiwa na miaka 15 na baadaye akapitia maabara ya Salkowski kule Berlin. Kazi yake ilikuwa kutafuta kama kichaa kinaacha alama kwenye mkojo. Alama hiyo hakuipata. Alichopata ni hasira juu ya vipimo vibovu, akaanza kuvitengeneza kimoja baada ya kingine. Mwaka 1901, pamoja na Philip Shaffer, aliisafisha njia ya Hopkins kwa kuondoa kwanza takataka zinazoshuka pamoja na asidi. Wanafunzi wa tiba waliifuata kwa miaka.

Kisha Folin akafanya jambo jipya. Akaacha kungoja kitu kizame. Mwaka 1912, akiwa Harvard na mwenzake Willey Denis, alichapisha kitendanishi cha tangsteni na fosfeti kinachogeuka buluu kikikutana na asidi ya yuriki. Denis alikuwa mwanamke katika fani ambayo wanawake walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na jina lake limo kwenye kitendanishi hadi leo. Buluu nyingi, asidi nyingi. Unaweka kioevu cha mgonjwa upande mmoja na kile unachokijua kiasi chake upande mwingine, ndani ya kifaa cha Duboscq: mirija miwili, mwanga kutoka chini, tundu moja la kuchungulia ambamo unaona duara lililogawanyika nusu kwa nusu. Unapandisha na kushusha mpaka nusu mbili zifanane, mpaka mstari wa kati upotee. Urefu wa kioevu ndio hesabu.

Kwa hiyo mizani ikawa jicho. Faida yake ilikuwa kubwa: matone machache yalitosha, hata ya damu. Benedict na Franke mwaka 1922 waliipeleka moja kwa moja kwenye mkojo bila kuchuja lolote. Buluu yao ilikolezwa kwa sayanaidi. Naam, sayanaidi, ile sumu, kwenye meza za maabara za hospitali, kwa miaka mingi, ikinyonywa kwa mirija. Nikisoma maelekezo yale ya zamani nahisi kama naangalia picha ya mafundi wamesimama juu ya ghorofa bila kamba.

Hasara yake ni ileile ya fedha ya Haycraft. Buluu haiijui asidi ya yuriki. Inajua tu kwamba imekutana na kitu chenye njaa ya oksijeni. Vitamini C inaigeuza buluu, na vitu vingine kadhaa pia. Kitendanishi cha ukoo huohuo wa Folin leo kinapima ukali wa majani ya chai na divai, na hapo hakuna asidi ya yuriki ya kuzungumzia.

Nitoke nje ya njia kidogo, maana huyu siwezi kumpita. Mwishoni mwa miaka ya 1940 daktari wa Australia, John Cade, naye alitafuta sumu ya kichaa kwenye mkojo. Akashuku asidi ya yuriki. Alitaka kuwadunga wanyama wadogo wa maabara, akagonga ukuta uleule: haiyeyuki. Akachagua chumvi yake inayoyeyuka kuliko nyingine, ya lithiamu. Wanyama wakatulia. Asidi haikuwa na kazi yoyote pale. Ni lithiamu iliyowatuliza, na hiyo hadi leo ni dawa ya watu ambao akili yao hupanda na kushuka. Laiti asidi ya yuriki ingekuwa mwepesi wa kuyeyuka, nani ajuaye ingechukua miaka mingapi zaidi.

Tulikotoka: fedha haichagui, buluu haichagui. Nini kinachagua? Kimeng'enya. Mamalia wengi wana kimeng'enya kiitwacho yurikezi ambacho kazi yake ni moja tu, kuivunja asidi ya yuriki kuwa kitu laini kinachoyeyuka. Ng'ombe anacho. Nguruwe anacho. Sisi hatuna. Mababu wa binadamu na wa nyani wakubwa walikipoteza mamilioni ya miaka iliyopita. Maandishi yake bado yamo kwenye chembe zetu za urithi, yamekatika katikati. Ndiyo sababu jongo ni letu na si la ng'ombe.

Herman Kalckar, Mdenmark, mwaka 1947 alieleza jinsi ya kukitumia. Asidi ya yuriki hunyonya mwanga wa urujuanimno wa nanomita 290 na ushee, mwanga usioonekana kwa jicho. Pitisha mwanga huo kwenye sampuli, andika kiasi kilichonyonywa. Tia yurikezi, iliyopatikana kwenye viungo vya wanyama. Ngoja. Pitisha mwanga tena. Pengo kati ya vipimo viwili ni asidi ya yuriki na si kingine, kwa kuwa kimeng'enya hakigusi kingine. Kile kilichokuwa kinapimwa kwa kuonekana sasa kinapimwa kwa kutoweka. Na ili kujua tuna kiasi gani cha taka hii, tunakopa kwa mnyama kile ambacho mababu zetu walikidondosha njiani.

Mashine za leo ni wajukuu wa wazo hilo. Yurikezi, siku hizi inayovunwa kwenye vijidudu na hamira, inapoivunja asidi hutoa haidrojeni peroksaidi, na kimeng'enya cha pili huigeuza peroksaidi hiyo kuwa rangi ambayo mashine inaisoma kwa dakika chache. Kuna mdudu mmoja aliyerudi kupitia mlango wa nyuma: vitamini C huila peroksaidi kabla haijatoa rangi, jibu likashuka. Mtu aliyemeza vidonge vya mafua kwa wingi atapata tarakimu ndogo kuliko haki yake.

Lakini kosa kubwa halimo kwenye mashine. Limo kwenye dumu.

Kumbuka Heintz: utie asidi, uweke kwenye baridi, ungoje. Hivyo ndivyo asidi ya yuriki inavyozama. Sasa tuangalie sisi tulifanya nini. Mkojo wa mjomba, ambaye anapenda nyama na hapendi maji, ulikuwa mchachu tayari. Tukaupeleka kwenye friji. Tukangoja siku nzima. Tulitekeleza njia ya Heintz hatua kwa hatua bila kujua, isipokuwa hatua ya mwisho. Yeye alimwaga maji akapima kilichobaki chini. Yule kijana alipima maji, akamwaga kilichobaki chini.

Aliyetuambia hivyo ni mama mmoja mtu mzima wa maabara nyingine, ambako tulikwenda kwa sababu tu mjomba alikataa kumeza dawa mpya bila "kusikia na upande wa pili." Alimwamkia mzee shikamoo, akasoma karatasi yetu, akauliza swali moja: "Chini ya dumu mliona mchanga?"

Mjomba akaniangalia. Niliuona. Niliona ule wekundu wa tofali nilipolibeba, nikadhani dumu halikuoshwa vizuri.

"Basi hii haijapimwa," akasema yule mama. "Hii imemwagwa."

Akatupa dumu lake, ndani ameshatia magadi ya maabara kidogo, sodiamu haidroksaidi, tusiyaguse kwa mkono. Friji marufuku. Tuliporudi siku ya pili alilitikisa kwa nguvu, akapima ujazo, akachukua kiasi na kukipasha kwenye maji ya moto, akakitazama dhidi ya dirisha kuona kama kuna hata punje inayoelea, ndipo akakichanganya na maji na kukiingiza kwenye mashine. Kazi yake yote kabla ya kubonyeza kitufe ilikuwa moja: kuhakikisha kitu kile hakizami.

Mara ya kwanza karatasi ilisema miligramu 190 kwa siku. Ya yule mama ilisema 910. Kawaida ni kati ya 250 na 750. Figo za mjomba hazikuwa zimelegea hata kidogo. Zilikuwa zinabeba mzigo wa watu wawili. Daktari alipoiona alikaa kimya, akaifuta ile dawa ya kuzilazimisha. Figo zinazotoa kiasi kile ukizichapa mjeledi zitoe zaidi, asidi inaganda humohumo njiani, na ungekuwa umemhamisha mzee kutoka kwenye kidole hadi kwenye mawe. Akaandika dawa nyingine, ya kupunguza utengenezaji wenyewe, na maji, maji mengi.

Mjomba alilitaka dumu lake la kwanza lirudi nyumbani, ni zima, alisema, litafaa mafuta ya taa. Shangazi akasimama mlangoni, mikono kiunoni, na hapo mazungumzo yakaisha.